Albamu ndogo ya kadi: dalili, sababu na dawa yake

Vifaa vya kadi vimetengenezwa kwa ajili ya kitu kinachofunguliwa mara mbili tatu, kisha kikasimamishwa juu ya kabati. Albamu, hata ikiwa ya kiganja, hufunguliwa kila mgeni akija, hupita mikononi mwa watoto, na hubeba unene ambao kadi haikuumbwa kuubeba. Ndiyo maana mtu anayetengeneza kadi nzuri kabisa hushangaa albamu yake ikipinda, ikiachama au ikimwaga picha. Manila ni ile ile na gundi ni ile ile, lakini kazi imebadilika.

Albamu ninayoizungumzia hapa ni ile ya zawadi ya sendofu, ubarikio au mahafali: kurasa sita hadi kumi za manila, au za kadi za mwaliko na za mchango zilizobaki baada ya harusi, jalada la kadibodi, picha za studio, utepe, na bahasha mbili tatu za kuwekea vitu vidogo. Tafuta dalili inayofanana na yako. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea zaidi na ukaguzi usiogharimu kitu, kisha kazi nzito.

Sharti moja kabla hujabandua chochote: kama picha iliyomo haina nakala nyingine, ipige kwa simu kwanza hapo hapo ilipo, mwanga ukitoka pembeni ili isiwake. Kufanya hivyo hakukuchukui hata dakika moja, na usipofanya unaweza kujuta mwaka mzima.

Picha inazidi ukurasa kwa milimita chache

Hii ndiyo inayolalamikiwa zaidi, na haina uhusiano na ufundi wako. Picha ya inchi 4 kwa 6 ina milimita 102 kwa 152. Kadi ya A6, yaani karatasi ya A4 iliyogawanywa mara nne, ina milimita 105 kwa 148. Vipimo vinakaribiana kiasi cha kudanganya jicho: upana unaingia, urefu unazidi kwa milimita 4. Hata A5, yenye milimita 148 kwa 210, haipokei picha iliyolazwa. Inapokea iliyosimamishwa tu.

Angalia kwanza kama picha ina ukingo mweupe. Ukiwepo, ukate, na mara nyingi mambo yanaishia hapo. Kama haina, tazama pande zote mbili za urefu na ukate upande usio na kichwa cha mtu wala maandishi. Ukiwa bado hujachapisha, iombe studio ikupe saizi ya sentimita 9 kwa 13, ambayo inakaa vizuri juu ya A6 na kubakiza ukingo wa kupamba.

Kwa albamu inayoanza upya, achana na A6. Kata kurasa za sentimita 12 kwa 17, ambazo unapata mbili katika A4 moja, au tumia bahasha za C6 zenyewe kama kurasa. C6 ina milimita 114 kwa 162, kwa hiyo picha ya 4 kwa 6 inaingia ndani na kutoka bila kubanwa, na juu ya bahasha unabandika nyingine. Kwa mtu asiyetaka kupaka picha zake gundi, sijaona njia nyepesi kuliko hii.

Mkunjo unapasuka, rangi inamenyeka na weupe unaonekana

Sababu ya kwanza: umekunja bila kuchora mstari wa mkunjo. Manila ya gramu 250 (yaani uzito wa mita moja ya mraba) haikunjwi kwa vidole tu. Weka rula ya chuma, pitisha ncha ya kalamu ya bic iliyokwisha wino au mgongo wa kisu cha mezani, bonyeza bila kukata. Utaona mfereji upande mmoja na tuta dogo upande wa pili. Kunja ukiuacha mfereji nje na tuta likiingia ndani ya mkunjo. Wengi hufanya kinyume, kwa sababu mfereji unaonekana kama unaita karatasi ijikunje kuelekea kwake. Ukikunja hivyo, nyuzi za nje zinavutwa hadi zinakatika.

Sababu ya pili ni mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala zaidi upande mmoja. Kunja sambamba nazo, mkunjo unanyooka. Kunja ukizikata, unapasuka. Kuujua mwelekeo hakuhitaji kifaa: pinda karatasi taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaopinda bila ubishi ndio nyuzi zinakoelekea. Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi zinazofuata urefu wa milimita 297, kwa hiyo ukiikunja A4 katikati kupata kadi ya A5 unakuwa unazikata nyuzi. Kwenye kadi haionekani sana, kwa kuwa inafunguliwa mara chache. Kwenye albamu inaonekana ndani ya wiki.

Sababu ya tatu ni karatasi yenyewe: kadi ya mwaliko yenye mng'ao wa lulu, au iliyochapwa wino mzito mpaka kwenye mkunjo. Tabaka la juu ni gumu na halinyumbuliki. Hapa mstari hausaidii sana. Kata kadi vipande viwili kabisa, kisha viunganishe kwa ukanda wa kitambaa au wa karatasi laini yenye upana wa sentimita 3, ukiacha mwanya wa milimita 2 kati yao. Bawaba ya kitambaa itadumu kuliko mkunjo wowote.

Mkunjo uliokwisha kupasuka haurudi. Usiufunike kwa selotepu ya kawaida. Baada ya muda inageuka njano, kingo zake zinatoa unyevunyevu unaonata, na vumbi lote la nyumba linahamia hapo. Ufunike kwa ukanda wa kitambaa ndani na nje, ufanane na pambo.

Albamu inaachama, haifungi

Jalada linasimama wazi upande wa mbele, na ukilibana kwa mkono linafunguka tena. Watu hukimbilia utepe au sumaku. Utepe unalazimisha tu. Unene bado upo, na nguvu yake yote inahamia kwenye mgongo, ambao utachanika.

Fanya hesabu. Ukurasa wa manila ya gramu 250 una unene wa karibu milimita 0.3. Picha mbili, mbele na nyuma, zinaongeza kama milimita 0.5. Kurasa nane za namna hiyo ni milimita 6 na ushee. Sasa ongeza maua yaliyoinuliwa kwa tepu ya sponji ya milimita 2, moja kila ukurasa, yote katikati ya ukurasa kwa sababu ndipo panapopendeza: umeongeza milimita 16. Mgongo ulioukata milimita 10 utazibeba wapi?

Ukaguzi wa kwanza ni kuitazama albamu kwa ubavu. Kama uvimbe uko sehemu moja, mapambo yamepangana. Yabandue kwa uangalifu, uyahamishe: ukurasa huu kona ya juu, unaofuata kona ya chini. Mara nyingi nusu ya tatizo inaisha, na tepu ya sponji ukiibadilisha kwa ya kawaida, linapungua tena.

Kama kurasa ni nene kwa usawa, ongeza vikanda upande wa mgongo. Kata vipande vya manila vyenye upana wa sentimita 1 na urefu wa ukurasa, kisha ubandike kimoja au viwili kwenye kila ukurasa pale unapoungana na mgongo, hadi unene wa ndani ulingane na wa nje. Kazi hii inataka subira, lakini haiharibu kitu, isipokuwa mgongo wenyewe ni mwembamba usiopokea vikanda.

Hapo dawa ni mgongo mpya. Panga kurasa zote zikiwa na picha na mapambo, usizikandamize, pima urefu wa rundo, ongeza milimita 3. Huo ndio upana wa mgongo. Kati ya mgongo na kila kadibodi ya jalada acha mwanya wa milimita 6 hadi 8, kwa sababu kadibodi inahitaji nafasi ya kugeukia. Mwanya mdogo ndiyo sababu ya majalada yanayofunguka kwa kuchanika.

Kitambaa cha kanga au kitenge hufanya mgongo mzuri sana, ila gundi hupenya na kutokea juu kama doa. Kiimarishe kwanza upande wa nyuma kwa kile kitambaa cha kubandika kwa pasi ambacho mafundi cherehani huweka ndani ya kola, au kwa karatasi nyembamba.

*Simama hapo* kama albamu ilibandikwa moja kwa moja na picha zikapita juu ya mgongo, au kurasa zimeshonwa kwa uzi na hujawahi kushona kitabu. Maduka ya uchapishaji yaliyo karibu na vyuo huwa na fundi wa kubainda tasnifu. Mpelekee na umwambie upana uliopima. Kwake ni kazi ndogo.

Kurasa zina mawimbi baada ya gundi kukauka

Gundi nyeupe ina maji. Karatasi ikilowa inapanuka, hasa kwa kukata nyuzi, na ikikauka bila kushikiliwa inarudi vibaya. Kwa hiyo sababu zake, kwa mpangilio, ni hizi: gundi nyingi mno, gundi iliyoongezwa maji ili isiishe haraka, karatasi ya mapambo nyembamba kuliko gramu 120, na mwisho, kukausha bila uzito.

Bana karatasi moja ya majaribio. Gundi ikitoka pembeni, ilikuwa nyingi. Paka kwa kipande cha kadi ya zamani ukiisambaza mpaka ibaki utando tu, anza katikati kwenda nje. Weka karatasi, pitisha kitambaa kikavu, kisha funika kwa nailoni safi na uweke chini ya vitabu vizito usiku kucha. Nailoni inazuia unyevu wa ukurasa mmoja usihamie mwingine. Kipindi cha masika Dar, Tanga au Mombasa, usiku mmoja hautoshi. Acha siku mbili, na badilisha karatasi kavu katikati.

Ukurasa ambao tayari una mawimbi na hauna picha unaweza kupigwa pasi ya moto mdogo, isiyo na mvuke, kupitia kitambaa, kisha ukabanwa hapo hapo ukiwa wa moto. Wenye picha usiupige pasi kamwe. Uso wa picha ni tabaka laini. Joto linalinatisha na kitambaa.

Kwa kazi ndogo ndogo, tepu ya pande mbili ndiyo salama zaidi kwa sababu haina maji. Ubaya wake ni kwamba ukikosea kuiweka, umekosea.

Jalada limepinda mithili ya kigae

Hili linahusiana na lililotangulia ila linawatesa zaidi, kwa sababu jalada ndilo linaloonekana kwanza. Karatasi ya mapambo uliyobandika juu ya kadibodi ililowa, ikapanuka, ikashika ikiwa imepanuka, kisha ilipokauka ikanywea na kuivuta kadibodi. Jalada linapinda kuelekea upande uliobandikwa.

Angalia upande linakopinda. Kama kingo zinakumbatia kurasa kidogo, liache. Hivyo ndivyo linavyotakiwa. Kama kingo zinakwenda nje, tazama ndani ya jalada. Yamkini hukubandika kitu, au umebandika kwa tepu ambayo haivuti. Dawa ni kuupa upande wa ndani nguvu ile ile: bandika karatasi ya aina moja na ya nje, kwa gundi ile ile ya maji, kisha funga jalada kati ya nailoni mbili na ulikandamize siku nzima. Utaliona likirudi lenyewe.

Lisiporudi, nyuzi za karatasi na za kadibodi zinapingana. Zote zinatakiwa zisimame sambamba na mgongo. Kadibodi ina nyuzi pia. Ipinde kama ulivyopinda manila. Hii huwezi kuirekebisha baada ya kubandika. Kata jalada jingine.

Kadibodi ya boksi la biskuti au la sabuni ina kosa lake: ni nyembamba, na ile ya boksi kubwa ina mawimbi ndani yanayobonyea. Ile ngumu ya kijivu inayokaa nyuma ya pedi za kuchorea ni bora zaidi. Kama huna, bandika mbili pamoja na uziache zikauke chini ya uzito kabla ya kuzivisha.

Vitu vinabanduka

Kabla ya kulaumu gundi, tazama ni wapi imebaki. Hilo linakuambia kila kitu.

Gundi imebaki kwenye ukurasa na nyuma ya picha ni safi: picha za studio nyingi zina tabaka la plastiki nyuma, na gundi ya maji hailishiki. Tumia tepu ya pande mbili, au kona za karatasi zinazoshika picha bila kuigusa. Binafsi naona kona ndizo bora, maana siku moja mtu atataka kuitoa ile picha.

Gundi imebaki kwenye pambo na ukurasa ni safi: ukurasa una mng'ao. Kadi za mwaliko zenye rangi ya lulu au dhahabu zinateleza kwa gundi. Geuza kadi ili upande usiong'aa ndio uwe ukurasa. Au kwaruza sehemu ya kubandikia kwa msasa laini, ufute vumbi, ndipo ubandike. Glita nayo ni hivyo hivyo. Ukibandika juu ya glita umebandika juu ya chembe zinazotoka.

Gundi imebaki pande zote mbili ikiwa kavu na nyeupe: ilikauka kabla hujaunganisha. Hutokea sana na gundi ya kuzungusha, ile ya wanafunzi, hasa ya bei ya chini au iliyokaa bila kifuniko, na kwenye hali kavu kama ya Dodoma wakati wa kiangazi. Paka sehemu ndogo, bandika, bonyeza, kisha endelea.

Gundi inanata bado baada ya siku kadhaa: ama uliiweka nene, ama ni gundi ya tepu iliyolegezwa na joto. Nyunyizia poda kidogo pale inapotokeza, futa.

Sasa onyo. Gundi ya viatu inashika kila kitu, na ndiyo maana watu huishiwa subira na kuichukua. Inatia madoa ya njano yanayopenya hadi uso wa picha, na moshi wake si wa kuvutwa ndani ya chumba kilichofungwa, hasa penye mtoto au mama mjamzito. Supa glu nayo inageuka ngumu kama kioo na kuacha weupe. Zote mbili zikae mbali na picha. Na uji wa unga wa ngano au wa muhogo, gundi ya mabango tangu zamani, unashika vizuri sana, lakini ni chakula: mende wataufuata, na ukungu pia.

Matundu ya ringi yanachanika

Tundu liko karibu mno na ukingo, au ukurasa ni mwembamba. Panchi ya kawaida ya ofisini inatoboa matundu ya milimita 6, milimita 12 kutoka ukingoni, yakiachana kwa milimita 80. Kwa karatasi za faili inatosha. Kwa kurasa zenye picha pande mbili ni kidogo. Bandika ukanda wa kitambaa au manila ukingoni kabla ya kutoboa, kisha toboa kupitia vyote. Kama limeshachanika, funika kwa kipande cha manila mbele na nyuma, utoboe upya. Hakikisha pia ringi si ndogo: kurasa zikibanana ndani ya ringi, kila unapofungua unazichana.

Wino unachafuka, maandishi hayasomeki

Wino wa pedi ya mihuri ya ofisini unategemea kunywewa na karatasi. Kwenye kadi ya lulu au juu ya picha hauna pa kwenda, unabaki juu ukisubiri kidole. Piga muhuri kwenye karatasi isiyong'aa, kata, bandika.

Nyuma ya picha usiandike kwa kalamu ya wino. Kalamu ya bic inaacha mikwaruzo inayoonekana mbele, na marka inahamia kwenye picha iliyo chini yake. Penseli laini ya 2B, au andika kwenye ukurasa.

Wanaotumia ule unga wa mihuri unaoyeyushwa ukainuka huuliza kwa nini drayer ya nywele haiuyeyushi. Joto lake halifiki, na upepo wake unaupeperusha unga kabla haujapata moto. Inahitajika bunduki ya joto ya ufundi, au kuipitisha kadi juu ya jiko la umeme bila kuligusa, upande wa nyuma ukiwa chini. Fanya kabla ya kubandika picha.

Bahasha zimejifunga zenyewe

Mdomo wa bahasha una gundi inayoamshwa na unyevu, na hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha kuiamsha bila ulimi wa mtu. Ukiwa bado mwanzoni, kata mdomo wote uondoke, au funika mstari wa gundi kwa ukanda wa karatasi. Iliyokwisha kujifunga usiivute. Ingiza rula nyembamba ya plastiki pembeni, uisukume polepole. Kama ndani kuna picha na unahisi imenata, kata bahasha kwa mkasi upande wa chini. Bahasha ni ya shilingi chache.

Picha zimegandana uso kwa uso, au na plastiki

Hapa ndipo watu hupoteza picha za pekee za wazazi wao. Uso wa picha ya studio una tabaka la jelatini, ambalo hunyonya unyevu, huvimba, hunata, kisha hukauka likiwa limeshika kilicho mbele yake. Albamu ikifungwa kabla gundi haijakauka, au ikikaa kwenye kabati la ukutani masika yote, ndiyo matokeo.

Tofautisha kwanza. Kama picha imenata *nyuma*, kwa gundi au tepu, chukua uzi wa kusafishia meno, upitishe nyuma yake ukiusogeza mbele na nyuma kama msumeno, ukianza kona moja. Tepu ikikataa, ipashe kidogo kwa drayer kupitia nyuma ya ukurasa, si kwenye uso wa picha.

Kama imenata *mbele*, jibu swali hili: faili lake la kidijitali lipo? Likiwepo, chapisha nyingine na uache kuhangaika. Lisipokuwepo, usivute, usipashe moto, na usiloweke kwa kuwa umesikia jirani alifanya hivyo. Baadhi ya picha za maabara wataalamu huziachanisha kwa maji baridi safi, lakini picha ya printa ya wino ikiingia majini wino unaondoka nayo, na picha ya zamani iliyoanza ukungu huweza kuyeyuka uso wote.

*Simama hapo.* Ipige picha kwa simu, weka vyote pamoja mahali pakavu, mpelekee mtu anayerekebisha picha au mhifadhi wa nyaraka. Hata plastiki ikiwa juu, studio yenye skana nzuri mara nyingi hupata nakala inayotosha bila kuitenganisha.

Ili isijirudie: weka karatasi laini isiyong'aa kati ya kurasa zinazotazamana, na mifuko ya plastiki iwe ya polipropilini, ile ngumu kiasi isiyonuka. Plastiki laini yenye harufu kali ya kapeti jipya ni PVC, na ndiyo inayonata.

Harufu ya uvundo, madoa ya ukungu

Anza na mahali inapokaa: ukuta wa nje, sakafu, kabati lililo karibu na bafu. Ihamishe kabla ya kuisafisha. Kisha ipeleke barazani, kivulini, penye upepo, uifungue na kuisimamisha. Jua kali linafifisha picha na kupinda jalada. Ukungu ukikauka na kuwa vumbi, ufagie kwa brashi laini kuelekea nje, ukiwa na barakoa na glavu, upepo ukiwa mgongoni. Usiufute ukiwa mbichi. Utausambaza ndani ya karatasi. Ukurasa ulioliwa, ukate uweke mwingine.

Vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya vinafaa ndani ya boksi la albamu, ilimradi boksi linafungika. Lililo wazi, vitashiba siku ya kwanza.

Mwenye pumu asiifanye kazi hii. Na kama ukungu umeenea kwenye picha zenyewe, si kurasa tu, mpe mtaalamu.

Sumaku za kufungia na kadi za muziki

Kundi hili si la kuharibika kwa albamu, ila linaingia kwa sababu vifaa hivi vinauzwa rafu moja na kadi. Sumaku ndogo zenye nguvu zikibanduka kwenye jalada na mtoto akameza mbili, zinaweza kuvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Zifunike chini ya karatasi iliyobandikwa kingo zote, au tumia utepe. Nyumba yenye watoto wadogo, tumia utepe.

Kadi ya muziki iliyokatwa ili sauti yake iwe ndani ya albamu ina betri ndogo za mviringo. Ikiacha kulia, usiifukue kwa kisu. Angalia kama kile kikaratasi cha plastiki kinachotenganisha chuma na betri kimekaa pale kinapopaswa ukurasa unapofunguka; kwa kawaida kimekatika. Betri zikiwa zimechuruzika, toa mfumo wote, uutupe mbali na mikono ya watoto.

Mtoto akimeza betri au sumaku, au ukishuku tu, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usimtapishe, na usisubiri aanze kulia: betri inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2. Chukua kadi au kipande kilichobaki, daktari aone ni aina gani.